Nyumba Nzima Imefungwa Uzi Mwekundu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za fundi cherehani anayekusoma kila wiki kabla hajalitumia gazeti kufungia nguo za wateja. Naomba unisaidie, maana jambo nililolianzisha kwa nia njema limenizidi kimo.

Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, naye alikuwa fundi kama mimi, mashine zetu zilitazamana, na kwa miaka kumi na minne nilimgombeza kwa kukata uzi kwa meno ilhali mkasi uko pembeni yake, na leo mkasi uko pale pale na sina wa kumgombeza. Aliniachia watoto wawili, binti wa miaka kumi na mitatu tunayemwita Kifungo, na mdogo wake wa miaka kumi na mmoja tunayemwita Zipu kwa sababu mdomo wake haufungiki.

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa aliniita akaniambia Kifungo, aliyekuwa wa tano, sasa ni wa thelathini na nane, na asipofaulu mtihani wa mwisho atarudia darasa. "Mzazi," akasema, "msaidie mtoto apange vipaumbele." Mimi shule yangu ilikuwa fupi kama kaptula, nikaona aibu kumuuliza vinapangwaje, lakini njiani nikakumbuka kwamba dukani navipanga kila siku, maana nguo ya haraka naifunga uzi mwekundu na hiyo ndiyo inayotangulia kwenye mashine, basi nikampa Kifungo uzi mwekundu nikamwambia afunge kila jambo la lazima.

Siku ya kwanza alifunga daftari la hesabu nikafurahi, siku ya pili akafunga ndoo, ufagio na sare ya Zipu, mimi mwenyewe nikafunga sufuria na pasi, Zipu akajifunga shingoni akisema, "Mimi nina njaa, ni wa haraka," na ilipofika Ijumaa nyumba nzima ilikuwa nyekundu, hata kwenye kikao cha wazazi nilisimama kuuliza swali uzi unaning'inia nyuma ya suruali yangu, na mteja wangu mmoja akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Kumbe fundi mwenyewe ni wa haraka! Na suruali yangu ya tangu mwezi wa pili je?"

Jioni ile Kifungo akaniuliza, "Baba, nguo zote zikiwa na uzi mwekundu unaanza na ipi?" Nikamjibu ukweli wa fundi, "Naanza na ya mteja mwenye kelele." Akasema, "Haya." Tangu hapo anafanya la mwenye kelele, Zipu akilia njaa anapika, mimi nikiulizia shati ananyoosha, birika likipiga mluzi anakimbia, na daftari la hesabu limekaa juu ya kabati na uzi wake, kwa sababu hesabu haipigi kelele.

Sasa linaloninyima raha ni hili. Kwenye droo ya mashine ya mama yake kuna gauni la Kifungo ambalo marehemu alilikata asilimalize, bado lina alama zake za chaki, na kwenye mishono ameacha vidole vitatu vya kitambaa kama alivyofanya kwa nguo zote za watoto, akisema mtoto haombi fundi ruhusa ya kukua. Droo ile huwa siigusi. Juzi sindano ziliniishia nikaifungua, nikakuta gauni limefungwa uzi mwekundu. Nilipomuuliza Kifungo akasema, "Na lenyewe halipigi kelele, Baba." Nikaifunga droo. Mtihani umebakiza wiki tano. Nianze na nini?

Ni mimi, fundi wa uzi mwekundu.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Miaka miwili si mingi, na mkasi ule najua unavyoutazama. Pole yako nimekupa. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Uzi hauna kosa. Wewe ndiye uliyemtwika binti kazi za mama wa nyumba na za mwanafunzi kwa pamoja, halafu ukampa rangi ya kuzipambia. Kupanga ni kukubali kwamba mengine yatangoja. Na wewe, fundi mzima, umemfundisha mtoto kuwa mwenye kelele ndiye mwenye haki! Ndiyo maana suruali ya yule bwana imeoza kwako, alikuwa mpole. Mshonee kesho.

Leo hii chukua mkasi ukate nyuzi zote. Kila siku Kifungo abaki na mbili tu, mmoja wa shule na mmoja wa nyumbani, na achague yeye, si wewe wala Zipu. Akichagua ufagio, sufuria si yake. Ni ya nani? Zipu ana mikono miwili na njaa ni yake mwenyewe. Mfundishe kupika ukiwa pembeni yake, na mdomo ukipata kazi ya kuonja huenda ukafungika. Shati lako nyoosha mwenyewe. Fundi wa kunyooshewa na mtoto sijapata kumsikia.

Chakula kikiisha, daftari lije mezani, nawe kaa hapo hapo ukitia vifungo. Hesabu zenyewe si lazima uzijue. Kama daftari halina sauti, wewe uwe sauti yake: "Mwanangu, tumefika wapi?" Kisha nenda kwa mwalimu umwambie ni nani anayepika nyumbani kwako, kwa sababu hajui.

Uzi mmoja usiukate, ule wa kwenye droo. Binti yako naye amekaa kwenye foleni miaka miwili bila kelele, na anataka kujua kama umemwona. Usingoje mtihani upite. Jumamosi hii, hesabu zikiisha, fungua droo akiwepo. Amekua, ndiyo, lakini mama yake alilijua hilo kabla yako, ndiyo maana akaacha vidole vitatu. Mketishe kwenye mashine ya mama yake, ashone upande mmoja nawe ushone wa pili.

Na akikata uzi kwa meno ilhali mkasi uko pembeni, nyamaza.