Mwendo wa Mama Mashudu

Dada Rehema,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijawahi kuongea na wewe bila kukuamkia kwanza, na siwezi kuanza leo.

Nakuandikia nikiwa hapa Iguguno, nimekaa juu ya magunia ya alizeti nje ya mashine ya kukamua mafuta. Wenzangu wako ndani wanapanga taa. Yametokea mengi tangu tukuzike kwenu Ulemo, na watu wameyasema kila mmoja kwa namna yake. Nataka uyapate kwangu.

Kwanza, kipindi chetu cha kuchekesha hakijafa. Ulipokuwa wodini uliniambia, "Zaituni, msije mkanizika pamoja na Mashineni." Hatujakizika. Ila karibu tuharibu kila kitu.

Matanga hayajaisha vizuri, Kaka Ibra alituita. Ulivyokuwa unamjua, akiwa na habari ngumu haangalii mtu, anaangalia kamera yake. Alisema wenye televisheni kule Dar wamepiga simu. Wanataka Mama Mashudu wako aendelee kama kawaida, mwenye mashine yuleyule, na ukali wake kwa wateja na upole wake kwa mbuzi. Kitakachobadilika ni mtu wa kumwigiza tu. Hawataki neno lolote la msiba. Halafu akaniangalia mimi. "Wewe umemfunga kilemba miaka yote hii. Umemkumbusha maneno akiyasahau. Unamjua Mama Mashudu mpaka anavyokohoa. Utavaa nguo zake."

Nililia, nikakubali. Nilifikiri ndivyo ulivyotaka. Nikachukua gauni lako la maua, likanipwaya, fundi akalibana. Nikaanza kufanya mazoezi ya sauti yako, ile ya kuanzia chini na kumalizia puani. Nikafanya mazoezi ya mwendo wako kuliko kitu kingine chochote, maana Mama Mashudu ni mwendo. Ule mguu wa kulia unaozungushwa nje kabla ya kutua, mkono umeshika kiuno, kichwa kimeinuliwa kama mtu anayesikia harufu ya kitu kinaungua. Watoto wanautembea wakienda shule. Kwenye harusi watu wanaucheza. Nikasema, nikiupata huo, watanipokea.

Kipindi kikatoka Ijumaa jioni. Hata tangazo la kwanza halijaingia, simu yangu ikaanza kulia.

Dada, walinitukana. Mmoja aliandika, "Mmetuletea Mama Mashudu wa mtumba." Mwingine, "Huyu anatembea kama ana mwiba." Mwanamke mmoja alituma sauti, analia kabisa, anasema tangu ufariki hajaiwasha TV yake, siku hiyo ameiwasha kwa matumaini na sasa anajuta. Wengi walisema turudishe vipindi vya zamani tu, wao hawachoki. Alikuwepo pia mtu mmoja aliyeandika, "Mpeni muda dada wa watu." Nikaisoma hiyo mara nyingi, mpaka nikagundua ni binamu yangu.

Hapa Iguguno hawakuhitaji simu. Unamkumbuka Mama Salma wa vitunguu pale stendi, anayekimbilia madirisha ya mabasi? Nilikwenda kununua kama siku zote. Akafunika beseni lake kwa kanga. "Nilikuwa namwekea Mama Mashudu," akasema. "Wewe sikujui." Kijana wa bodaboda alinipakia, tulipofika akasema, "Dada, nimekuleta kwa sababu ni kazi. Lakini moyoni hapana."

Niliyemwogopa zaidi alikuwa mzee mmoja aliyepanda gari kutoka Nduguti asubuhi kuja kutuona. Alikuwa amevaa koti. Tulimwamkia, akaitikia vizuri, akakaa, akaweka kofia kwenye goti.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," alimwambia Kaka Ibra. "Tumeona mazishi ya yule mama kwenye simu. Tumelia. Halafu Ijumaa mnatuonyesha yupo, amebadilika sura tu, na hakuna anayeshangaa, hata mume wake. Kwa nini mnatufanya watoto?"

"Ni maigizo, mzee," Kaka Ibra akasema.

"Najua ni maigizo. Mimi nayaangalia tangu mlipoanza. Ndiyo maana nimekuja."

Akanywa chai tuliyompa, akashukuru, akaondoka. Hakunitazama hata mara moja. Sijui kama ilikuwa hasira au aibu ya kuniona ndani ya gauni lako.

Nikaamua kwenda Ulemo kwa mama yako. Nilidhani tatizo ni kwamba sijakupata sawasawa, na yeye ndiye wa kunirekebisha.

Nilimkuta uani anapepeta uwele. Nikapiga goti, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu." Akanipa kigoda. Tukaongea habari za shamba, za mvua, za mguu wa shangazi yako. Mwishowe nikamuuliza kama ameangalia.

"Niliangalia kidogo," akasema. "Nikazima."

Nikamwambia, "Mama, naomba nitembee hapa mbele yako. Uniambie nakosea wapi."

Akaendelea kupepeta. Nikainuka, nikashika kiuno, nikautembea uani kuanzia jikoni mpaka kwenye zizi, nikageuka, nikarudi. Nilijitahidi, Dada. Siku ile niliupata. Niliujua mwenyewe kwamba nimeupata, kwa sababu ungo ulisimama mikononi mwake.

Alianza kuniambia kwa Kinyiramba, akakumbuka kwamba mimi ni Mnyaturu, akarudi kwenye Kiswahili. Alisema ulipokuwa msichana ulianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe mkitoka kuvuna. Nyonga ikapona vibaya. Ukisimama muda mrefu ilikuwa inakaza, na hukutaka mtu ajue. Siku ya kwanza mbele ya kamera mlisimamishwa tangu asubuhi, ikakaza, ukashindwa kutembea sawa, na watu wote wakacheka.

"Alikuja hapa jioni ile," mama yako alisema. "Nilidhani atalia. Akaniambia, Mama, wamecheka. Basi kuanzia leo nitawachekesha kwa makusudi."

Miaka yote nakufunga kilemba. Miaka yote ukiniambia, "Niletee kiti, Zaituni," mimi nikidhani ni ukubwa, nikidhani staa hapendi kusimama na sisi. Ulikuwa unaumwa. Ulikuwa unaumwa na mimi nimesimama hapo, kanga mkononi, nacheka.

"Mimi nilicheka pamoja na watu," akaendelea mama yako, "kwa sababu maumivu yalikuwa yake, na mzaha ulikuwa wake. Lakini wewe miguu yako mizima, mwanangu. Ukitembea hivyo, unamcheka."

Nilimuuliza nifanye nini. Akachukua ungo wake.

"Mzikeni," akasema. "Mimi nimeshamzika. Ninyi bado."

Nilirudi Iguguno siku hiyohiyo, na sikusubiri nibadilishe nguo. Nikamwambia Kaka Ibra: Mama Mashudu afe. Afe kwenye kipindi, watu wapewe msiba wao, na mimi nije kama mtu mwingine.

Akanijibu, "Msiba kwenye komedi? Watu wanawasha TV wacheke."

"Wanaizima, Kaka. Umeona mwenyewe wanaizima."

Akapiga simu Dar, akaweka sauti kubwa nisikie. Mama mmoja wa huko alisema Mama Mashudu hafi, kwa sababu Mama Mashudu ndiye kipindi. Nikainama karibu na simu, nikasema kwa heshima zote kwamba mimi gauni lile silivai tena na mwendo ule siutembei tena, watafute mwingine. Wewe unanijua, sijawahi kumjibu mtu wa ofisini.

Aliyeniokoa ni Mzee Paulo, mume wako wa kwenye kipindi. Alikuwa pembeni anakula karanga. Akasema, "Mimi ndiye niliyefiwa hapa. Mmenipa mke mpya bila kunipa hata siku ya kukaa kwenye mkeka. Nami nikiambiwa nimbusu mkono huyu Zaituni nimuite mke wangu, naenda kwangu."

Yule mama wa Dar akasema tupeleke kipindi kimoja cha msiba. Wakikiona hakifai, Mashineni basi, na magari yao yasije tena.

Kaka Ibra aliandika siku mbili mfululizo. Tukamwomba mwenyekiti wa kijiji atutafutie watu wachache wa kukaa kwenye mikeka. Dada, walikuja Iguguno nzima. Wanawake walikuja na unga na kuni vichwani, kama wanavyokuja kwenye msiba wowote, na hakuna aliyewaambia walete. Wanaume wakawasha moto nje ya mashine. Mama Salma alikuja na vitunguu nusu gunia, akapita mbele yangu bila salamu, akakaa kwenye mafiga kumenya. Yule mzee wa Nduguti alikuja na koti lake. Mama yako alipoletwa, msaidizi wa Kaka Ibra akataka kumwonyesha pa kukaa ili kamera impate. Akamwangalia tu, akaenda kukaa anapotaka. Kamera ikamfuata.

Hatukujua nani anaigiza. Mchungaji tuliyemwandikia maneno aliyaacha, akaomba ya kwake. Vijana wanaoshinda mashineni walisimama mlangoni wameinamisha vichwa. Walilia, nasi tukalia.

Mimi nilikuwa naingia mwisho. Nilikuwa Bi Tunu, mdogo wa marehemu, nimechelewa mazishi kwa sababu ya gari, nashuka na kuku wa rambirambi kwapani. Nimevaa nguo zangu mwenyewe. Nilitakiwa kufika kwenye mkeka, kupiga magoti na kuanza kulia. Nilipoinama, kuku akachoropoka. Akapita katikati ya waombolezaji, akapanda juu ya sufuria, na Mzee Paulo, mfiwa mwenyewe, akainuka kumkamata, akateleza, akatumbukia kifudifudi kwenye rundo la mashudu, yale makapi ya alizeti. Alipoinua uso ulikuwa wote umejaa unga ule mweusi, machoni mna njia mbili za machozi.

Kaka Ibra hakusema kata. Halafu nikasikia mtu mmoja anacheka, cheko la kubanwa, la mtu mwenye machozi. Alikuwa mama yako. Baada yake wakacheka wote, huku wanajifuta. Nilimkimbiza kuku yule kwa miguu yangu yote miwili, nikamkamata, nikamkabidhi Mzee Paulo na pole yake. Hayo yote hayakuandikwa. Tuliyaacha yalivyo.

Kipindi kimetoka. Wako waliosema wamelia kama wamefiwa wenyewe na sasa wanaweza kuangalia. Mmoja aliandika, "Bi Tunu hanichekeshi bado, ila namsikiliza." Wako waliosema ndiyo kwaheri yao na Mashineni, na hawajarudi. Wako wanaonitukana mpaka leo. Kuna mwanaume, simjui, kila Ijumaa saa yetu ikifika anaweka vipande vyako vya zamani kwenye simu, kwa kutukomoa, na watu ni wengi wanaomfuata. Mimi pia naangalia nikimaliza kazi. Siwalaumu. Dar wametuongezea msimu mmoja, wamesema wataona.

Bi Tunu si kama wewe. Anatembea haraka, haongei sana, anasahau majina ya wateja, na anamwogopa mbuzi wako. Namjenga polepole. Siku nyingine nakosea, na kicheko hakiji. Siku hiyo natamani gauni lako na ule mwendo, kwa sababu najua ungewachekesha. Sivai.

Wiki hii nilikwenda stendi, basi la Nzega limesimama, Mama Salma ametoka kukimbia madirishani anahema. Nilitaka kumpita. Akaniita, "Bi Tunu." Nikageuka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, inanuka vitunguu.

"Pole na msiba wa dada yako," akasema.

Hajui jina langu la kweli, au analijua hakutaka kulitumia. Nikamjibu kama anavyojibu mtu aliyefiwa. Nikamwambia asante, nimeshapoa. Halafu nikanunua vitunguu.

Kaka Ibra ananiita, taa ziko tayari. Alizeti zikianza kukomaa nitakwenda Ulemo kumsaidia mama yako kuvuna, hilo nimeshamwambia, na nitakwenda kila mwaka. Watoto wakitembea mwendo wako njiani nitawaacha, ule ni wako na umewapa. Ila hapa mashineni, mbele ya kamera, hakuna mwenye miguu mizima atakayeutembea nikiwepo.

Na ninakuahidi hili pia, dada yangu. Nitafanya kazi hii mpaka siku watu watakapomchoka Bi Tunu kwa makosa yake mwenyewe. Wakinikataa, wanikatae mimi.

Pumzika.

Mdogo wako,
Zaituni