Ruta Nyuma ya Kabati

Dada yangu,

Hujambo? Na mpwa wangu, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili mzima, ila kichwa kinaniwaka moto. Ningekupigia simu, lakini simu yako siku hizi anapokea shemeji, na haya sitaki ayasikie kabla yako.

Pole kwa kulea peke yako tangu umfukuze yule yaya. Nilikutana naye sokoni. Alinieleza kwamba kila anapobisha hodi kuomba kazi wanamuuliza habari za ile ruta ya intaneti iliyopotea sebuleni kwako, kisha wanamfungia mlango. Akaniomba nikwambie tena kuwa hakuichukua. Nikamjibu sawa, huku moyoni nikisema hakuna mwizi anayekubali.

Sasa habari za kazini. Unajua mtandao wote wa ofisi uko mikononi mwangu. Kompyuta ikiwashwa huomba anwani, na seva yetu ndiyo huigawa. Basi kukazuka kitu kingine humu, kinajifanya seva, kinagawa anwani za uongo, na anayezipokea hapati mtandao. Leo amekwama karani, kesho mhasibu, keshokutwa bosi mwenyewe. Kila mtu Fundi Waya, Fundi Waya, utadhani mimi ndiye niliyeuroga. Wa kwanza kunijia juu alikuwa shemeji, tena sisi wa ofisi moja. Alisema mkutanoni, mbele ya watu wote, kwamba udugu usiwe kisingizio, na asiyeiweza kazi aipishe. Bosi akanipa hadi mwisho wa wiki.

Nikaamua kuwasha kinga kwenye swichi, vile visanduku vinavyopokea nyaya za kompyuta zote. Kinga yenyewe inaitwa DHCP snooping, na kazi yake ni ya bawabu. Unaiambia ni tundu lipi linaaminika kugawa anwani. Mengine yakijaribu, inayazuia na kuyaandika. Ni kazi nyepesi kwa mtu aliyetulia, nami sikuwa nimetulia hata kidogo. Tundu la seva kule juu nililiamini, nikasahau kwamba swichi ya ghorofa ya chini hupata anwani kupitia waya unaotoka juu, na waya huo sikuuamini. Asubuhi watu walipowasha kompyuta, ghorofa nzima ya chini ikafa. Dada, nilisemwa hadi na mfagizi, ambaye hata kompyuta hana.

Nikarekebisha kwa aibu, mtandao ukarudi. Kufikia mchana swichi ilikuwa imeshaliandika tundu lenye fujo. Nikaufuata waya wake chumba kwa chumba, ukanifikisha ofisini kwa shemeji. Nyuma ya kabati la mafaili palikuwa na ruta ndogo nyeupe, inawaka, ndiyo iliyokuwa ikigawa anwani za uongo. Ameichomeka ili atazame mechi kwa simu, maana mechi nimezifunga kwenye Wi-Fi ya ofisi, kwenye waya sikuzifunga. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakuniambia kimeoa dada yangu.

Hilo ningelimeza. Lakini ubavuni ruta ina stika ya twiga aliyechanika shingo, na stika zile nilimnunulia mpwa wangu mimi mwenyewe. Ni ile ya sebuleni kwako, dada. Nilimuuliza shemeji alikuwa wapi siku ulipomwaga nguo za yule binti yaya uani ukiitafuta. Akasema alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi, akaona aibu kusema, halafu mambo yakawa yameshafika mbali. Akaniomba tuyamalize kimyakimya, sisi wanaume, eti yaya wapo wengi. Sijawahi kumkasirikia mtu hivyo.

Bosi nimemwonyesha, kazi yangu imesalimika. Ya yule binti bado. Ruta hiyo nimeifunga pamoja na barua hii. Nakuomba umwite, na majirani walioziona nguo zake uani uwaite pia, uwaambie ilikokuwa. Akikataa kurudi kazini, usimlaumu. Mimi kesho naenda sokoni kumwomba radhi, kwa sababu alinieleza ukweli nikamwona mwongo.

Mbusu mpwa wangu, mwambie twiga wake amepatikana. Shemeji simtumii salamu. Tunaonana kila siku, na siku hizi ananiamkia yeye.

Mdogo wako,
Fundi Waya