Karatasi Chini ya Kanzu ya Mtoto Yesu

Shamba la San Roque,
Negros.
Jumanne, 27 Januari

Dada yangu mpendwa Merlinda,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi la miwa. Natumaini u mzima huko Iloilo, na kwamba wagonjwa wako wanakuachia walau nafasi ya kuketi na kula. Mama hajambo, isipokuwa lile goti, ambalo kila asubuhi hulikemea kama mbuzi mkaidi. Anasema kama bado umekonda, usije kwenye fiesta ijayo, sikukuu ya Mtoto Yesu, utamtia aibu. Mimi kwa mwili sina neno.

Mambo ya hapa huenda umeyasikia nusunusu. Wakata miwa thelathini na mmoja waliweka sahihi kwenye ombi la kugawiwa ardhi, ile ambayo sheria iliwapa tangu sisi tukiwa watoto na hawajaiona mpaka leo. Padri Lauro aliniweka kwenye kamati ya haki ya parokia, kwa hiyo maelezo yao niliyaandika mimi, na Alhamisi hii mimi ndiye shahidi wao mbele ya ofisi ya ardhi. Tulikubaliana majina yasitoke hadi siku hiyo. Lakini Jumatatu moja, wiki mbili zilizopita, nyapara alipanda juu ya lori akayasoma yote, kwa mpangilio uleule niliouandika, akawaambia kazi hakuna, waende wakakate miwa ya Padri. Katikati ya msimu wa mavuno, Dada. Wanaume wazima walibaki wamesimama na mapanga yao kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi.

Basi ukaanza msako wa aliyewauza. Lawama zikamwangukia Mjomba Anselmo, dereva wa trekta. Yeye hakuweka sahihi. Alisema wazi kwamba binti yake anapika jikoni kwa Bi Mkubwa, mwenye shamba, naye anaogopa. Lakini mkutano wa kuweka sahihi ulifanyika nyumbani kwake, na kahawa aliichemsha kwa mkono wake. Hiyo ikatosha. Kisimani wanawake walimpisha mkewe wakimwambia, "Tangulia shoga, sisi tusio na bwana wa kututunza tutangoja." Kanisani, wakati wa kutakiana amani, mikono yote ilipita juu ya kichwa cha Mjomba ikakutana nyuma yake. Alicheka, akasema leo amepata benchi zima peke yake kama meya. Jumapili iliyopita hakuja. Nasikia wamefunga vyombo, na Jumamosi wanahamia Bacolod kwa shemeji yake, baada ya miaka arobaini hapa.

Padri Lauro alihubiri habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu, sauti ikamkauka. Alisema Kanisa likikaa kimya maskini anaponyang'anywa, basi nalo limeshika kamba upande wa mnyang'anyi. Watu walilia. Baada ya misa wakanishika mikono, wakasema, "Senda, mwanetu, wewe tu ndiye tuliyebaki naye." Nilitamani sakafu inimeze.

Kwa sababu aliyewauza ni mimi.

Sikukusudia. Unakumbuka ulipokwenda kufanya mtihani wa uuguzi, Mama akaichukua namba yako akaikunja, akaiweka chini ya kanzu ya sanamu ya Mtoto Yesu kanisani, ukafaulu? Mimi niliyesoma chuo, ninayewafundisha wenzangu kwamba imani bila matendo imekufa, nilinakili majina yote thelathini na moja kwenye karatasi nikaiweka palepale. Niliogopa mno, nikataka kuwe na mtu mwingine anayeyajua. Nilijua vema kwamba Bi Mkubwa ndiye anayemvisha Mtoto kila fiesta, kama mama yake alivyofanya. Nilipanga kuitoa kabla ya siku hiyo. Mwaka huu fundi wa cherehani alitaka vipimo vipya, na Bi Mkubwa akaja kuivua kanzu wiki nzima mapema.

Baada ya majina kusomwa, Bi Mkubwa aliniita. Alinikaribisha chokoleti ya moto kama zamani. Kumbuka ni mama yangu wa ubatizo, ndiye aliyenisomesha, na nyumba anamolala Mama imesimama kwenye ardhi yake. Hakupandisha sauti. Aliweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja, akasema, "Mwandiko wako bado mzuri, mwanangu." Kisha akaniambia Januari ina mafua mengi, na mtu mwenye mafua hatarajiwi kutoa ushahidi; nikiugua Alhamisi, karatasi hii hataiona mtu mwingine.

Tangu hapo kila mlango ninaousukuma unafungukia chumba kilekile. Nikienda Alhamisi, ataionyesha, na wale thelathini na mmoja watajua kwamba shahidi wao ndiye msaliti wao. Nikiugua, ombi litakufa. Nikimwambia Padri katika kitubio, nitamfungia na yeye humu ndani, maana hawezi kuyatoa. Na wakati ninapima na kupima tena, Mjomba Anselmo anafunga masufuria yake kwa kamba. Tunamdai Bi Mkubwa haki ya watu wote, nami nimeshindwa kumpa mtu mmoja haki yake.

Kwa hiyo barua hii sitaipeleka posta moja kwa moja. Nikimaliza nitaipitisha kwa Mjomba Anselmo, aifungue mwenyewe, aisome mbele ya mkewe, na aamue nani mwingine aisomewe kabla ya Alhamisi. Ombi likifa kwa ajili hiyo, nitalizika mimi. Itakapokufikia, itazame bahasha. Ukiona imechanwa na kugandishwa upya kwa punje za wali, niombee. Ukiona iko safi, jinsi nilivyoifunga mimi, ujue nilifika mlangoni pake nikarudi. Basi njoo umchukue Mama, na mimi usiniulize kitu.

Mama anakusalimu, na goti lake pia. Wasalimie wenzako wa wodini.

Ni mimi mdogo wako,
Rosenda