Mzazi Haachwi Peke Yake

Mkunazini, Unguja
Jumanne

Mwanangu Talib,

Assalaam alaykum. Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba jambo likijibiwa vile vile mara mbili, basi huo ndio ukweli wake. Nitakueleza kwa nini nimeanzia hapo, lakini kwanza nipe nafasi nikuamkie. U hali gani huko Mtwara? Kile kifua kilichokuwa kikikukamata asubuhi kimepoa? Shikamoo uliyoniletea nimeipokea, marahaba. Mimi mzima, isipokuwa magoti, na magoti ya mwalimu aliyesimama ubaoni tangu ujanani hayana dawa ila kukaa.

Ujumbe wako ulinifikia. Umesema ulimuuliza mama yako habari za Ummkulthum, akakwambia mkeo mzima ila ana kiburi, hasemi na watu, mtoto analia naye anatazama dari. Ukaacha siku zikapita, ukauliza tena, ukajibiwa hayo hayo. Kwa hivyo umeamua arubaini yake ya uzazi ikitoka umrudishe kwao, na unataka mimi shangazi yako nikupe baraka. Sikupi. Soma mpaka mwisho ujue sababu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu hunikatiza.

Unajua tangu nistaafu watu wa chuo kule Tunguu huniita wakiwa na shida ya Kiswahili. Safari hii alinijia binti mmoja mtafiti, jina lake Nassra, na maswali kumi mafupi ya kupima dhiki ya nafsi: unapata usingizi, unalia bila sababu, unajiona hufai kitu, na mengine kama hayo, mpaka la mwisho, ambalo ni zito, kama umewahi kufikiri kwamba afadhali usingekuwapo duniani. Yote huulizwa na kwisha kabla chai haijapoa. Ufupi ndio faida yake, maana muuguzi wa kituo cha afya hana saa nzima ya kumpa kila mgonjwa. Lakini kipimo kipya nacho lazima kipimwe. Watu wale wale huulizwa maswali yale yale, kisha huulizwa tena baada ya wiki mbili. Majibu yakirukaruka, maswali hayafai. Yakishikamana, husemwa kwamba yanaaminika.

Waliuliza Jang'ombe, nyumba kwa nyumba. Nassra akarudi kwangu uso umemchanua, akasema, "Bi Thuwaiba, haya si maswali, haya dhahabu!" Majibu yalishikamana, na yaliyoshikamana kuliko yote ni ya wanawake waliojifungua karibuni, walio ndani ya arubaini. Mara ya kwanza hapana, mara ya pili hapana. Hawana dhiki hata chembe. Na maelezo alikwisha kuyatayarisha: mzazi anakandwa, analishwa, hafanyi kazi, huzuni ataipatia wapi?

Mimi nimezaa, Talib. Nikamuuliza, mlipokuwa mkiuliza, nani mwengine alikuwamo chumbani? Akanishangaa. Mama mkwe, akasema, au wifi, au jirani. Mzazi haachwi peke yake, na wewe Bi unajua. Nikamwomba anisimulie ya nyumba moja tu. Kumbe huko bibi mmoja alikuwa akijibu yeye: "Andika hapana, mwanangu. Atakosaje usingizi huyu, na kulala analala kama gogo?" Mzazi mwenyewe akatabasamu, akaitikia hapana. Lile swali la kushindwa kazi za kila siku nalo likawachekesha wote, kwani mzazi wa arubaini nani kampa kazi?

Basi nikamweleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Mizani iliyoshika kutu itakupa kilo ile ile leo na kesho, upime muhogo au upime jiwe. Haiyumbi, lakini haisemi kweli. Majibu yenu yameshikamana, nikamwambia, kwa sababu aliyekaa kitandani pembeni ni yule yule mara zote mbili. Mmempima yeye.

Nassra ni mtoto msikivu. Alirudi Jang'ombe na mwenzake, na safari hii mmoja akabaki na mzazi, mwengine akamwita mama mkwe uani, akamuuliza na yeye maswali kumi yake. Hakuna aliyewahi kuwauliza mama wakwe habari za nyoyo zao! Baadhi yao hawakutaka kunyanyuka, walisema mpaka adhana. Na kule ndani majibu yakabadilika. Si ya wote, alhamdulillahi, lakini yalitosha kumfanya Nassra aache kusema dhahabu.

Hapo nikaukumbuka ujumbe wako. Umeuliza mara mbili, umejibiwa mara mbili, na aliyejibu ni yule yule. Siku ya pili yake nikaenda Kizimkazi, nyumbani kwenu.

Mama yako alinipokea vizuri. Nikamwambia akapumzike, leo nnamkalia mimi, na shangazi wa mume hakatazwi. Akanitania, "Haya, mwalimu, kamfundishe mkweo kucheka. Sie tumeshindwa." Nikaufunga mlango. Nikamwosha mtoto, nikamkanda Ummkulthum mgongo. Nilipomuuliza usingizi akasema hajambo. Sikubishana naye, nikaendelea kukanda. Baada ya kitambo akasema mwenyewe, bila kunitazama, kwamba halali hata mtoto akilala. Akasema anaogopa kumnyanyua asije akamwangusha, na ndio maana akilia yeye hutazama dari. Mwanangu, hicho ndicho kiburi ulichoambiwa. Nikamuuliza na yaliyobaki, polepole. Swali la mwisho alijibu ndiyo.

Usishituke ukaacha kusoma. Yuko hapa kwangu, yeye na mtoto na mama yako pia, na hatumwachi. Daktari alimwona siku ile ile, akasema ni maradhi yanayowapata waliojifungua wengi, yana tiba na yanapona. Kampa dawa, na kila wiki atakaa na mtu wa kuzungumza naye, wawili tu, mlango umefungwa. Tangu jana amekula bila kulazimishwa. Haya yote nakuandikia kwa ruhusa yake, nilimwomba, akaniruhusu.

Mama yako usimlaumu. Desturi hii ina maana yake, na yeye alimlinda mkeo kama alivyolindwa yeye ulipozaliwa wewe. Nilipomweleza alikaa chini akasema, "Mie nkajua kanuna, kumbe mtoto wa watu anaumwa." Mjukuu wake alimbeba mwenyewe mpaka hospitali, hakukubali nimpokee.

Limebaki moja, na hilo ndilo lililonifanya niiandike barua hii mara tatu. Nilimuuliza Ummkulthum mawazo ya kutokuwapo yalianza lini. Hofu, alisema, ilianza wiki ya kwanza, lakini hayo mengine yana siku yake. Ule ujumbe wa sauti uliomtumia mama yako, wa kwamba utamrudisha, mama yako aliufungua mle chumbani. Aliona mzazi kalala, na kutoka nje kwenda kuusikiliza hakuweza, maana angemwacha peke yake. Ummkulthum hakuwa kalala. Alikuwa kaugeukia ukuta. Alikusikia neno kwa neno, na tangu hapo anangoja arubaini itoke.

Siandiki kukusuta. Uliamua kwa uliyoambiwa. Lakini neno lile ni lako, wala mimi wala daktari hatuwezi kukuondolea.

Mama yako anakupa salamu nyingi na anasema umvumilie. Mwanao kaanza kushika kidole hakiachii. Nasi tuko katika dua, Mungu akupe afya na akurejeshe salama. Leo, kabla hujafanya jambo jengine lolote, mpigie Ummkulthum kwenye simu yake mwenyewe, umwambie humrudishi kwao.

Ni mimi shangazi yako,
Thuwaiba