Posho ya Parokia na Ng'ombe wa Mama Wegesa

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, maana siku hizi hata kanisani nakaa karibu na mlango. Mimi ni msichana wa Tarime, nasoma sheria Chuo Kikuu, na likizo hii ndefu wenzangu wamepata kazi kwenye mashirika Dar es Salaam lakini mimi nilirudi nyumbani kwa sababu waumini wa parokia yetu walichangishana wakanipa nauli na posho ya miezi mitatu ili niwaandikie rufaa watu wasio na uwezo wa wakili, na nimewaandikia wengi, mpaka alipokuja Mama Wegesa, mjane wa baba mkubwa Werema. Tulipohamia kijiji cha ujamaa ng'ombe wake sita waliwekwa zizini kwa baba mdogo Magige, sasa baba mdogo anasema ni mali ya ukoo, na Mahakama ya Mwanzo imempa. Nilisoma hukumu nikaona wazi kwamba mashahidi wa mama hawakusikilizwa, lakini Mshauri, baba yangu alikufa nikiwa darasa la tatu na baba mdogo ndiye aliyeuza maksai wake mwenyewe nikasoma, basi nikamwambia, "Mama, hukumu imeshatoka, hakuna la kufanya." Akasema, "Kama ni wewe umesema, mwanangu, basi," akafunga karatasi zake kwenye kanga akaondoka. Kwenye taarifa yangu kwa Padri nimeandika kwamba alisaidiwa. Siku za rufaa ni thelathini, zimebaki kumi na nne. Nifanye nini?

Mwanafunzi, Tarime

Binti yangu,

Jibu hili nililituma kwanza kwa basi, maana gazeti lingekukuta muda umekwisha.

Nakuonea huruma. Kulelewa na mtu si jambo dogo. Lakini umemdanganya mjane aliyekuamini, ukawadanganya na waliokuchangia, na wao hawakusema uwasaidie watu wote isipokuwa wenye kesi na watu wa nyumbani kwenu. Nenda kwa Mama Wegesa leo. Usimwambie ulikosea, mwambie ulimdanganya. Andika rufaa hiyo siku hiyo hiyo. Kisha nenda kwa baba mdogo kabla hajapata hati ya kuitwa mahakamani, asikie kwako. Taarifa ya Padri iandike upya. Posho usirudishe, ifanyie kazi.

Wasomaji, binti huyu amenijibu. Rufaa ilipokelewa zikiwa zimebaki siku tatu. Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe nilisomesha mtu wa kunishitaki," akalitoa nje sanduku la binti. Mama Wegesa ndiye aliyelibeba kichwani mpaka kwake, na huko ndiko binti anakolala sasa. Ananiuliza kama amempoteza baba mdogo.

Binti, hilo sijui, na hukumu ya rufaa siijui pia. Ila Jumapili baada ya ibada nenda kwake, piga hodi, mwamkie shikamoo. Usiitaje kesi. Asipoitikia, ondoka kwa adabu, na Jumapili inayofuata nenda tena.