Alama za Vema kwenye Kalenda

Kihesa,
Iringa.
14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Eveline,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo, na shemeji Jofrey hajambo? Najua baridi ya huko Soweto mwezi huu haina mchezo. Huku nasi tunaota moto. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na sababu ni wewe.

Mama alitoka wodini Jumanne, yuko hapa kwangu. Yale mawe ya kwenye nyongo yametolewa, tumshukuru Mungu. Ila alivuja damu nyingi mno, akaongezewa chupa tatu, na mshono hadi leo una sehemu haijafunga. Namsafisha kila asubuhi, anauma kanga asilie.

Unakumbuka daktari alisema damu yake haigandi upesi? Akampa vitamini za wiki mbili kabla ya upasuaji, damu igande na kidonda kipone vizuri. Ukaomba ukakae naye Idodi umsimamie, nami nikakuamini. Kila siku ukapiga alama ya vema kwenye kalenda ya kanisa. Ile kalenda niliibeba hadi hospitali, Eveline. Daktari alipouliza kama dozi imeisha, nilimwonyesha mimi mwenyewe, nikaapa.

Juzi nilikwenda Idodi kumchukulia mama nguo. Vidonge vimo sandukuni mwake, vimefungwa kwenye leso, hakijapungua hata kimoja.

Nikambana mama. Akakiri kwamba mlifunga kwa maombi siku zote kumi na nne, na ulimwambia kumeza vidonge ni kuvunja mfungo. Haya, jioni mlipofungua kwa uji, si mngemeza? Jirani yangu Ruwaida hufunga Ramadhani nzima, na dawa zake za presha humeza akishafuturu. Na kama imani yako ni kubwa hivyo, zile alama ulipiga za nini? Hapo ndipo uliponimaliza. Kufunga ningekusamehe siku hiyohiyo.

Mama hataki nikuseme. "Alikuwa ananiombea," ndivyo anavyonijibu. Jana nilipomrudisha kuangaliwa mshono, kwa daktari alijisingizia kuwa alisahau kwa uzee. Mgonjwa kitandani, kabeba uongo wako.

Kila akiamka anakuulizia. Basi njoo, kitanda kipo na chakula kipo. Ombeni pamoja, hata mimi nitaitikia amina. Ila vidonge nitampa mimi.

Nisalimie shemeji, mwanetu Sifaeli, na mama mkwe wako Matilda. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa uchungu huu,

Bertha