Bawaba ya Bunduki ya Baba Imelegea

Mpendwa Bi Khairiya, shikamoo. Naomba unishike mkono kwa hili, maana mke wangu Badria nikimgusia tu ananuna, na wenzangu naona haya kuwaambia. Mimi nakaa mjini, Mkunazini, lakini asili yetu Muyuni, na kila Jumapili nnakwenda shamba kusasa, yaani kuwinda, nguruwe na wasasi wenzangu, kama alivyokwenda marehemu baba, na kwa raifali yake ile ile ya risasi moja, ya kuvunja, mtutu unainama mbele na wewe unatia risasi kwa nyuma. Bi Khairiya, we acha tu! Nikiishika namuona baba kasimama ukingoni mwa kichaka, barugumu la kumaliza msako linalia, na hapo hapo anaivunja na kuilaza mkononi, kwani ndiyo ada yetu, wafukuzaji, wale wanaowakurupusha nguruwe, na mbwa wao wakitoka kichakani kila mmoja aone kwa macho yake kuwa bunduki hazina kitu, na anayekutwa kaifunga hurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, hata awe nani. Alikuwa akirudi shati linanuka baruti, mama anampokea kwa kahawa na kashata, sisi tunagombania kumvua viatu, na mpaka leo nikiisikia harufu ile machozi yananilenga.

Sasa bawaba imelegea. Msako uliopita nilipofyatua ilifunguka yenyewe, moto ukanirukia, ukanibabua kidole gumba, nikakificha kidole, na Badria nikamwambia nimeungua na birika. Fundi kaikagua akasema hii basi, chuma kimelika, hata akiikaza haitoshika. Kibali cha nyengine nshapata, lakini nimeshindwa kuchagua. Shemeji yangu Mahfoudh ananing'ang'aniza nichukue ya komeo, ile ya kuvuta na kusukuma kama komeo la mlango, ati ndiyo yenye nguvu na shabaha, na mzee Jecha, mkuu wa msako wetu, anasema ya komeo hataki kuisikia, na muuzaji naye kanionesha ya tatu, ina mkono chini ya kifyatulio, ukiusukuma kipande cha chuma kinashuka na njia ya risasi inafunguka, nzuri wallahi, nikabaki kuikodolea macho. Lakini nikwambie kweli, moyo wangu hautaki hata moja, unataka ya baba, na Jumapili hii kuna msako mkubwa, viazi vya watu vishafukuliwa na nguruwe, nami nshaisafisha nikaitia mafuta. Niende nayo mara ya mwisho tu?

Usi, Mkunazini

Marahaba, Usi. Mara ya mwisho ya nani, yako au ya aliyesimama ubavuni mwako? Kidole kimebabuka, fundi kakwambia basi, na wewe umekaa unaitia mafuta! Leo kidole, kesho jicho. Watu husema ajali haina kinga. Hii yako inayo, na umeificha pamoja na kidole.

Sikucheki kwa kumlilia baba. Nami mtoto wa shamba, barugumu la kuanza msako likilia bibi yangu alikuwa akitukusanya sote ndani, na tukichungulia dirishani tukiwaona wanaume wanarudi wamejaa matope, wanataniana. Siku zile zina utamu wake, nakubali.

Sasa nisikilize. Bunduki mimi sijapata kuishika, nimewauliza wanaozijua. Mahfoudh hakukudanganya, ya komeo ina nguvu na shabaha. Ya chuma cha kushuka ni madhubuti pia, ila ni ghali, na ikiharibika nani ataitengeneza? Lakini hizo zote mbili, mtu aliye mbali haoni upesi kama iko wazi au imefungwa. Huko kwenu mfukuzaji anatoka kichakani anahema, hawezi kuja kukuchungulia. Ndiyo maana mzee Jecha anakataa, wala si ukaidi wa uzee. Nunua ya kuvunja, mpya, bawaba imeshika sawasawa. Baba yako hakuipenda kwa kuwa ni yake tu. Aliibeba vile, imevunjwa mkononi, ili watu warudi makwao salama, na hilo ndilo la kurithi.

Ile ya zamani usiifyatue tena, hata kwa majaribio, wala usiitundike ukutani. Nenda leo hii polisi, uliza namna ya kuikabidhi. Ukilia njiani, lia, hakuna atakayekucheka. Badria mweleze habari ya birika kabla hajaisikia kwengine, na mzee Jecha mwoneshe kidole.

Jumapili nenda Muyuni mikono mitupu. Ingia kichakani na wafukuzaji, piga kelele pamoja nao, na barugumu likilia utoke upande wa pili. Utatazama mikono ya wenye bunduki, Usi, mmoja mmoja, kama wamezivunja. Hutouliza nani karithi nini.

Bi Khairiya